Umetazama ipi, na umefika wapi? Mwongozo wa kubishana kuhusu anime na kumpa mtu ya kutazama

Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima kuhusu Fullmetal Alchemist, anime (katuni ya Kijapani) maarufu, bila kujua kwamba kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mmoja anasema mwisho wake ulimwacha na maswali tele. Mwingine anaapa hajawahi kuona hadithi iliyofungwa vizuri kama ile. Wote wawili wanasema kweli: wa kwanza ametazama ya mwaka 2003, wa pili ya mwaka 2009. Mabishano ya namna hiyo nimeyashuhudia mara nyingi mno, ndiyo maana siku hizi, kabla sijafungua mdomo kutetea chochote, huuliza kwanza: "Umetazama ipi, na umefika wapi?"

Mwongozo huu ni kwa shabiki anayependa kubishana, na ambaye marafiki humjia kila mara wakimwambia "nipe kitu cha kutazama". Kazi hizo mbili zinakaribiana sana. Ukishindwa kueleza ni nini hasa kilichokugusa kwenye anime fulani, utajuaje itamgusa nani mwingine?

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnazungumzia toleo lipi

Manga (hadithi ya michoro ya Kijapani inayosomwa) ya Fullmetal Alchemist, kazi ya Hiromu Arakawa, ilianza kuchapishwa mwaka 2001 na kumalizika mwaka 2010. Studio ya Bones ilipoitengenezea anime mwaka 2003, manga ilikuwa bado iko njiani, hivyo walioiandaa wakajitungia njia yao wenyewe. Wakatoa episodi 51, kisha filamu ya kufunga hadithi mwaka 2005. Mwaka 2009 studio hiyohiyo ikarudi na Brotherhood, episodi 64 zinazoifuata manga hadi mwisho. Wahusika ni walewale na majina ni yaleyale, lakini ukivuka robo ya kwanza hadithi zinaanza kuachana, na mwishoni hazifanani kabisa.

Hunter × Hunter nayo ina matoleo mawili: la 1999 la Nippon Animation, na la 2011 la Madhouse lenye episodi 148. Ukisikia mtu anasifu giza na utulivu wa Hunter × Hunter, na mwenzake anasifu kasi na rangi zake, usishangae.

Kwa hiyo kabla ya hoja yoyote taja mambo matatu: toleo, ulipofika, na kama umesoma kazi ya asili. Sentensi moja inatosha: "Nimetazama ya 2011 hadi episodi ya 75, manga sijaisoma." Anayekusikiliza anajua papo hapo nini aseme na nini akifiche. Nusu ya ugomvi huishia hapo.

Hatua ya pili: jua hadithi ilitoka wapi

Anime nyingi hutokana na manga. Nyingine hutokana na riwaya nyepesi (riwaya fupi zenye michoro, hasa za vijana), nyingine na michezo ya kompyuta ambayo mchezaji kazi yake kubwa ni kusoma na kuchagua njia; Steins;Gate ya mwaka 2011 ilitokana na mchezo wa namna hiyo uliotoka 2009. Na zipo zilizotungwa moja kwa moja kama anime: Cowboy Bebop ya 1998, Code Geass ya 2006, Madoka Magica ya 2011.

Kwa nini ujue hili? Kwa sababu linajibu malalamiko ambayo watu huyarudia bila kuchoka: "Mbona imeishia katikati?" Anime ya runinga nchini Japani hupangwa kwa vipindi vya miezi mitatu vinavyoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila kipindi kinabeba episodi kama 12 au 13. Mara nyingi gharama hazibebwi na studio peke yake. Zinabebwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga, kampuni ya muziki, kituo cha runinga, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, kila mmoja akiweka fungu lake. Mchapishaji akishaona vitabu vinauzika kutokana na zile episodi 12, huenda lengo lake limetimia hata kama hadithi haijafika mwisho. Linaudhi, najua. Lakini ukilijua hutamlaumu mwongozaji kwa uamuzi usio wake.

Fanya hesabu pia. Episodi moja hudumu dakika kama 24, ukiwa ndani yake wimbo wa kufungulia na wa kufungia wa dakika moja na nusu kila mmoja. Inabaki hadithi ya dakika 20 na ushei. Ndani ya muda huo anime nyingi humeza sura mbili au tatu za manga. Ukiona zimemezwa sita, kuna kitu kimekatwa. Ukiona sura moja imevutwa hadi ikajaza episodi nzima, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi kwenye anime ya One Piece, ujue wanaiachia manga nafasi isonge mbele.

Hesabu hii ndiyo silaha bora niliyo nayo ninapojadili The Promised Neverland. Manga yake ina sura 181. Msimu wa kwanza wa 2019 ulitumia episodi 12 kusimulia sura 37 za mwanzo, na ukasifiwa sana. Msimu wa pili wa 2021 ulikuwa na episodi 11 za kusimulia zaidi ya sura 140 zilizobaki. Huhitaji kupandisha sauti. Weka namba hizo mezani, kila mtu ataelewa kwa nini sehemu nzimanzima za hadithi ziliachwa njiani.

Halafu iweke kando Monster ya Naoki Urasawa: sura 162, episodi 74. Sura mbili na kidogo kwa kila episodi, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana waliosoma na waliotazama wanakutana bila shida.

Hatua ya tatu: pima toleo kwa kazi lililojipa

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hukosea. Hoja ya kawaida ni hii: "Hawakufuata manga, kwa hiyo ni mbaya." Mimi siikubali. Katsuhiro Otomo aliiongoza mwenyewe filamu ya Akira ya 1988 wakati manga yake ilikuwa haijaisha. Ilikuja kuisha 1990. Hayao Miyazaki alitengeneza filamu ya Nausicaä mwaka 1984, kisha akaendelea kuichora manga yake hadi 1994, na manga hiyo ikafika mbali ambako filamu haikuwahi kukanyaga. Kama mtunzi mwenyewe anaibadilisha kazi yake akiipeleka kwenye skrini, kufuata kila ukurasa hakuwezi kuwa ndicho kipimo pekee.

Maswali ninayojiuliza ni haya. Nini kimekatwa, na kukatwa kwake kumeacha pengo? Nini kimeongezwa, na kinafanya kazi gani? Mwendo unaipa kila hisia nafasi ya kukomaa? Na je, kuna jambo ambalo sauti, muziki na mjongeo vimefanya ambalo karatasi isingeweza?

Nikupeleke karibu kidogo. Katika Fullmetal Alchemist kuna mtoto wa kike aitwaye Nina, anayeishi na baba yake na mbwa wake mkubwa. Anayeijua hadithi hii ameshaguna. Brotherhood inamleta Nina na kumaliza habari yake ndani ya episodi moja, ya nne. Toleo la 2003 linawapeleka ndugu wawili, wahusika wakuu wa hadithi, kuishi nyumbani kwake wakijiandaa kwa mtihani. Tunaona wakila naye, wakicheza naye, na habari yake inakamilika kwenye episodi ya saba. Tukio ni lilelile. Lakini katika toleo la 2003 nilikuwa nimeshamzoea yule mtoto, nimeshaisikia sauti yake ikiita "kaka" mara nyingi, na pigo likanikuta nimeketi kama mgeni wa nyumba ile. Katika Brotherhood pigo lilikuja kama habari mbaya inayosikika ghafla.

Kuna tukio jingine zito linalomhusu afisa mmoja wa jeshi. Silitaji. Nakupa namba tu: katika Brotherhood liko episodi ya 10, katika toleo la 2003 liko episodi ya 25. Episodi kumi na tano za ziada za kumpenda mtu si jambo dogo.

Je, nimesema toleo la 2003 ni bora? Hapana. Kwa robo ya kwanza nalipenda zaidi. Lakini Brotherhood ina nusu ya pili ambayo kila uzi uliotandazwa mwanzoni unarudi na kufungwa, na hakuna mhusika mdogo anayesahauliwa. Hiyo ni kazi ngumu, na imefanywa kwa ustadi. Ukiniuliza ipi nimpe mtu anayeanza, nitasema Brotherhood. Ukiniuliza ipi ilinikaa moyoni siku nyingi, ni ile ya 2003. Majibu mawili kwa maswali mawili. Mjadala mzuri ni ule unaoyatenganisha maswali kama hivi.

Halafu jihadhari na sifa ya "hii ndiyo inayofuata manga zaidi". Hunter × Hunter ya 2011 husifiwa hivyo. Lakini ukiitazama episodi yake ya kwanza, imeruka tukio la sura ya kwanza ya manga ambapo Gon, mhusika mkuu, anakutana na mwindaji aliyemjua baba yake. Toleo la 1999 lililiweka. Mwindaji huyo anapokuja kuwa muhimu baadaye sana, mtazamaji wa 2011 ndio kwanza anamfahamu. Toleo linaweza kufuata manga kwa mamia ya sura na bado likakosea sura moja yenye uzito.

Hatua ya nne: mlaumu anayestahili, msifu anayestahili

"Studio fulani imeiharibu" ni sentensi rahisi mno. Studio ni jengo na jina. Kazi inafanywa na watu, na watu hao huhama. Vinland Saga ilitengenezwa na Wit mwaka 2019, kisha MAPPA mwaka 2023. Kwenye karatasi studio imebadilika. Lakini mwongozaji, Shūhei Yabuta, aliendelea kuwa yeyeyule, na ukitazama misimu yote miwili unasikia mkono mmoja. One Punch Man ni kinyume: msimu wa kwanza wa 2015 ulikuwa wa Madhouse chini ya Shingo Natsume, wa pili, mwaka 2019, ulikwenda J.C.Staff na mwongozaji akabadilika. Wengi waliona tofauti kwenye mapigano tangu mwanzo.

Basi ukitaka kujua kama msimu ujao utafanana na uliopita, tazama jina la mwongozaji na la mwandishi mkuu wa hati kabla ya kutazama nembo ya studio. Majina hayo hupita mwishoni mwa kila episodi wakati wengi wetu tumeshabonyeza kuruka mbele.

Na picha zikionekana zimechorwa haraka, kumbuka kwamba kuna mtu aliyezichora usiku wa manane akikimbizana na ratiba. Sema kwamba tukio limedhoofika, eleza wapi. Usimtukane mchoraji. Hili ninalisisitiza kwa moyo wote, kwa kuwa wachoraji husoma yanayosemwa, na baadhi ya tuliowapenda waliacha kazi kwa uchovu.

Hatua ya tano: rekebisha maneno unayotumia

Shonen si aina ya hadithi. Shonen, shojo, seinen na josei ni maneno yanayoonyesha gazeti la manga liliwalenga wasomaji gani: wavulana, wasichana, wanaume wazima, wanawake wazima. Death Note ilichapishwa kwenye Weekly Shonen Jump, gazeti la wavulana, pamoja na giza lake lote. K-On!, wasichana wa shule wanaopiga muziki na kunywa chai, ilitoka kwenye gazeti la seinen. Ukisema "sitazami shonen, ni za kupigana tu", umejifungia mlango wa nyumba ambayo hujaichungulia.

Tenganisha pia "sikuipenda" na "ni mbaya". Ya kwanza haihitaji ushahidi. Ni yako, hakuna wa kukupokonya. Ya pili inahitaji episodi, tukio, sababu. Msimu wa pili wa Vinland Saga una vipindi virefu ambapo vijana wawili wanang'oa visiki ili kupata shamba la ngano. Hakuna vita. Mtu akisema "nilichoka", amesema kweli yake. Akisema "hakuna kinachotokea", hapo nitamshika: kwenye visiki vile kuna mtu anayejifunza kwa mara ya kwanza kwamba mikono yake inaweza kuotesha kitu. Nitamwomba aitazame tena ile asubuhi wanayoyaona majani ya kwanza ya ngano yakichomoza.

Spoila

Spoila ni kumfichulia mtu yatakayotokea kabla hajayafikia. Hapa nitakuwa mfupi. Usitaje kifo, usaliti, utambulisho uliofichwa wala mwisho, mpaka wote walioko kwenye mazungumzo wathibitishe wamepita hapo. Ukilazimika kugusa tukio, tumia namba ya episodi kama nilivyofanya juu. Na "subiri ufike episodi fulani uone" nayo ni spoila. Mtu ataketi akisubiri kupigwa na kitu, na pigo halitamkuta.

Sauti za Kijapani au zilizoingizwa upya?

Mjadala huu una kelele kuliko uzito. Tazama kwa lugha unayoweza kuifuata huku macho yako yakibaki kwenye picha. Cowboy Bebop kwa sauti za Kiingereza inaheshimiwa na mashabiki kwa zaidi ya miaka ishirini, na wapo wanaoiona kuwa sawa au zaidi ya Kijapani. Jambo la kuepuka ni kumcheka mtu kwa chaguo lake. Wapo wasioweza kusoma maandishi yanayopita kwa kasi, na wapo wanaotazama huku mikono ina kazi.

Hatua ya sita: kabla hujapendekeza, hoji

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia: "Nimemaliza Death Note, nataka kitu kama hicho." Nikampa Monster bila kufikiri mara mbili. Daktari, muuaji, akili kwa akili. Niliona inafaa kabisa. Akaiacha kwenye episodi ya kumi. Nilimuuliza sababu, akasema: "Ni nzuri, lakini inanisubirisha." Hapo ndipo nilipoanza kumhoji, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nini hasa kilikushika kwenye Death Note? Akasema ni zile dakika ambazo mtu ana sekunde chache za kuamua, na kosa moja linammaliza. Alichokipenda kilikuwa shinikizo la saa. Nikampa Kaiji ya mwaka 2007, episodi 26 za mtu mwenye madeni anayeingizwa kwenye michezo ya kubahatisha ambayo ukishindwa huna pa kukimbilia. Uchoraji wake wa pua ndefu ulimshtua mwanzoni. Ndani ya juma moja alikuwa ameimaliza.

Jifunze hapo. "Kitu kama Death Note" kina maana nyingi. Kama alipenda kijana anayetenda uovu akiamini anaikomboa dunia, mpe Code Geass, episodi 50 za kijana anayeficha uso wake na kuasi dola. Kama alipenda swali la nani ana haki ya kuhukumu, mpe Psycho-Pass ya 2012, ambako mitambo inapima akili za raia na kuamua nani ni hatari. Kama alipenda kuwindana kwa subira bila haraka, hapo ndipo Monster inapostahili. Na kama alipenda kwamba ni fupi, episodi 37 na kwisha, usimpe kitu chochote cha episodi mia tano.

Muulize basi mambo haya, kwa maneno yako:

- Kitu gani cha mwisho ulichokimaliza (kiwe filamu, tamthilia au riwaya) ukatamani kisiishe, na ni tukio gani unalikumbuka?
- Kipi ulikiacha njiani, na kilikuchosha wapi?
- Una muda gani? Filamu moja, episodi 12, au uko tayari kwa safari ya miezi?
- Kuna jambo usilotaka kuliona, kama vile damu, watoto kuumizwa, au msiba unaofanana na uliokupata?

Swali la mwisho watu hulisahau. Grave of the Fireflies ya 1988 ni filamu tukufu kuhusu ndugu wawili wakati wa vita, na sitampa kamwe mtu aliyefiwa karibuni bila kumwambia itakuwaje. Filamu hiyo ilionyeshwa Japani kwa mara ya kwanza sambamba na My Neighbor Totoro, siku moja, ukumbi mmoja. Huwa nawafikiria wale waliotazama Totoro kwanza.

Kwa asiyewahi kutazama anime kabisa, epuka kumpa kile unachokiona kilele cha sanaa. Evangelion ya 1995 naipenda kuliko karibu kila kitu, lakini sehemu ya nguvu yake ni kuvunja mazoea ya anime za maroboti zilizoitangulia, na mgeni hana mazoea hayo ya kuvunjiwa. Mgeni mpe hadithi inayosimama peke yake. Filamu ya Spirited Away ya 2001 haijawahi kuniangusha. Kwa mtu mzima anayependa utulivu, Mushishi ya 2005: kila episodi ni kisa kamili, anaweza kutazama moja usiku akalala. Na Frieren, iliyoanza 2023, inaanza pale hadithi nyingine zinapoishia, baada ya mfalme wa mashetani kushindwa, na inauliza miaka inaenda wapi. Hii nimewapa watu wasiopenda kabisa mambo ya mapanga, nao wakakaa nayo.

Sheria ya mashabiki ya "jaribu episodi tatu" kabla ya kuacha ina msingi, hasa kwa Madoka Magica. Lakini haitoshi kwa kila kitu. Steins;Gate inatumia karibu nusu nzima kupanga vitu mezani kabla ya kuvigusa. Ukimpa mtu, mwambie ukweli: itaanza taratibu, na vitu vidogo vinavyoonekana vya kipuuzi vitarudi. Zaidi ya hapo funga mdomo.

Hatua ya saba: mpe mpangilio

Ukipendekeza kitu chenye matoleo mengi bila kusema aanzie wapi, umempa mtu kazi ya nyumbani. Machache ninayoulizwa sana:

Evangelion: episodi 26 za 1995 hadi 1996 kwanza, kisha The End of Evangelion ya 1997. Filamu nne za Rebuild, zilizotoka kati ya 2007 na 2021, ziache ziwe za mwisho, maana zinajibizana na zile za awali.

Demon Slayer: baada ya msimu wa kwanza wa episodi 26 inakuja habari ya treni. Kuna filamu ya 2020 na kuna episodi saba za 2021. Ni tukio lilelile, chagua moja. Mimi huchagua filamu kwa sababu inakwenda bila kukatwakatwa.

Naruto: ya kwanza ina episodi 220, na kuanzia 136 hadi karibu na mwisho ni za kujazia karibu zote, zilizotungwa ili manga ipate kutangulia. Anayetaka hadithi kuu aruke, aingie Shippuden, ambayo nayo ina 500 na kujazia kwake. Kwa Dragon Ball Z kazi hiyo imeshafanywa: toleo la Kai la 2009 lilipunguza yaliyojazwa.

Fate: hapa watu wanagombana kweli. Mchezo wa asili wa 2004 una njia tatu za hadithi, na mchezaji anazipitia kwa zamu. Fate/Zero inasimulia yaliyotokea kabla, lakini iliandikwa baadaye, kwa anayejua tayari mambo yatakavyoishia. Ndiyo maana mimi husema: Unlimited Blade Works ya 2014, kisha filamu tatu za Heaven's Feel (hizi mbili ni njia za mchezo huo), kisha Zero. Siri ambazo Heaven's Feel inazifunua kidogo kidogo, Zero inazitaja wazi mapema. Ila kama mtu hapendi kabisa hadithi za vijana wa shule na anataka vita vya watu wazima wenye majuto, nitamruhusu aanze na Zero, nikijua ninachomkosesha.

Usisahau kumwelekeza kwenye njia halali ya kutazama. Kule mwishoni kuna watu wanaolipwa, au wasiolipwa, kutokana na tunavyotazama.

Hatua ya nane: ukishampa, ondoka njiani

Usimwandikie kila usiku kumuuliza amefika wapi. Mkitazama pamoja, usimkodolee macho linapokaribia tukio unalolipenda. Atalijua kabla halijafika. Akisema ameiacha, muulize wapi, na umsikilize bila kuitetea. Jibu lake litakuonyesha umpe nini safari ijayo, kama "inanisubirisha" ilivyonipeleka kwenye Kaiji.

Na akirudi kwako ameimaliza, ana hoja inayopingana na yako kabisa, mwekee kiti. Sasa mmetazama toleo moja, hadi episodi ya mwisho.